Maji Moto na Mnazi

Mtu atokaye mjini Unguja akishika njia ya kusini mashariki hupita Fuoni, kisha hufika Tunguu kabla hajaiona njia panda ya Unguja Ukuu. Hapo nchi hugeuka. Nyuma yake ameacha ardhi nzito yenye kina, nchi ya mikarafuu na minazi mirefu. Mbele yake ni maweni, yaani udongo mchache juu ya mwamba wa matumbawe, kisha vichaka, na baada ya vichaka msitu wa Jozani. Siku hizi Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina majengo yake Tunguu, na magari hayakatiki njiani. Walakini mashamba yangaliko, na mwenye mnazi bado huutazama mti wake kama mvuvi atazamavyo bahari, akijiuliza utampa nini mwaka huu.

Siku moja mwalimu wa skuli ya huko aliwatoa wanafunzi wake wa darasa la sita, akawapeleka katika shamba la mzee aliye jirani. Alikuwa amewaambia wachukue madaftari, kalamu na kisu kimoja. Walimkuta mzee ameketi juu ya gogo, na mbele yake fungu la vidaka, vingine bado vya kijani, vingine vimekwisha kuwa vyeusi.

"Shikamoo, babu," walisema.

"Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni. Mmekuja kutazama maiti?" Akavionyesha vidaka kwa bakora yake. "Haya ndiyo mavuno yangu. Karara hupasuka vizuri, upunga hutoka, vidaka hushika, nami hufurahi. Kisha kabla havijafika kuwa vitale vinapukutika, usiku na mchana. Juu ya mnazi mzima husalia viwili vitatu. Nikimwita mkwezi, ujira wake unapita thamani ya nazi atakazoangua. Watu wananiambia shamba limefanyiwa jambo. Mimi mwenyewe sijui tena la kuamini."

Mwalimu hakumbishia. Alimpa mtoto mmoja kisu, akamwambia akipasue kidaka kimoja polepole. Katika ganda laini palionekana alama ya hudhurungi, imebonyea, na juu yake tone la utomvu ulioganda kama ulimbo. Wakapasua cha pili, na cha tatu. Alama ilikuwa ile ile.

"Jambo alilofanyiwa babu yenu lina mdomo," alisema mwalimu, "nao ni mwembamba kama sindano."

Kabla hajawaonyesha mwenye mdomo huo, aliwauliza swali jepesi: katika shamba hili, nani hula nini? Majibu yakaja mengi kwa pamoja. Mbuzi hula majani. Panya hula nazi. Kipanga huchukua vifaranga, na paka hula panya, na mtoto mmoja akasema kuwa paka wao hali panya bali hula samaki jikoni, wenziwe wakacheka. Mwalimu akachukua kijiti, akaandika mchangani maneno manne katika mstari: jani, panzi, mjusi, kipanga. Panzi hula jani, mjusi hula panzi, kipanga humchukua mjusi. Mstari kama huu huitwa mnyororo wa chakula, na kila kiumbe kilichomo ni pete moja ya mnyororo.

Pete ya kwanza ni mmea daima, na sababu yake ni hii. Mmea peke yake ndio ujuao kujitengenezea chakula. Majani hupokea mwanga wa jua, huvuta hewa, mizizi huleta maji na chumvi za udongo, na katika jani hilo la kijani hufanyika sukari. Mbuzi hawezi kusimama juani akashiba. Wala mtu hawezi. Basi mbuzi hula jua lililofichwa ndani ya jani, na mtu alaye mbuzi hula jua hilo hilo kwa mkono wa tatu.

Lakini kila chakula kipitapo toka kiumbe hiki hata kingine, sehemu kubwa yake hupotea njiani. Panzi hutumia nguvu kuruka, mjusi hutumia nguvu kukimbia, joto hutoka mwilini, na vingine havisagiki tumboni hata hutupwa. Wataalamu husema kwamba katika sehemu 10 za nguvu, hupita kwa kadiri ya sehemu 1 tu. Ndiyo maana majani hayahesabiki, panzi ni wengi, mijusi ni kiasi, na kipanga ni mmoja tu, akizunguka juu ya mashamba ya watu wengi.

Fikira hizi si ngeni. Katika karne ya 9 mwanachuoni al-Jahiz, mtu wa Basra, aliandika katika Kitabu chake cha Wanyama jinsi kila mnyama anavyomwinda aliye dhaifu kuliko yeye, naye akawindwa na mwenye nguvu zaidi. Hata mwaka wa 1927 Mwingereza Charles Elton akatoa kitabu juu ya maisha ya wanyama, na tangu hapo neno mnyororo wa chakula likaenea katika skuli za dunia. Lakini mkulima wa Tunguu hahitaji kwenda Basra wala Uingereza. Mnyororo wake uko juu ya mnazi.

Wakati huo akatokea mkwezi, kamba yake begani. Mwalimu akamwomba apande mnazi mmoja, akate upunga wenye vidaka vichanga, ashuke nao bila ya kuutikisa. Akapanda upesi, kama mtu apandaye ngazi ya nyumba yake, akashuka. Katikati ya vidaka alikuwamo mdudu mmoja wa hudhurungi nyekundu, mwembamba, mwenye miguu mirefu, urefu wake sentimita moja na kidogo. Aliponyang'anywa kivuli akakimbilia upande wa pili wa kidaka, kama mtoto ajifichaye nyuma ya mlango.

"Ni huyu tu?" akauliza mzee. "Huyu mmoja?"

Ni huyo, na wenziwe wachache tu hutosha. Mdudu huyu mfyonzaji huchoma kidaka kwa mdomo wake, hutia mate yake ndani, kisha hufyonza. Mate hayo ni sumu kwa kidaka. Kikichomwa kingali kichanga huanguka. Kikichomwa kimekwisha kukomaa kidogo huenda kikabaki, lakini hukua na makovu yenye utomvu, na nazi yake huwa ndogo. Yeye halali mahali pamoja. Leo huchoma hiki, kesho kile, na kila achomapo huharibu zaidi ya anachokula. Kwa hiyo mnazi mmoja waweza kupukutisha karibu vidaka vyote, na mwenye shamba akitazama juu asione kitu.

"Sasa," alisema mwalimu, "nani hula huyu?"

Watoto walinyamaza. Mwalimu akawaongoza hadi ukingoni mwa shamba, penye mstari wa michungwa mizee iliyoachwa bila ya kupaliliwa. Wa kwanza kufika alipiga kelele, akajipiga shingoni. Wengine wakarudi nyuma, kwa kuwa kila mtoto wa Unguja awajua maji moto.

Jina hilo wamepewa kwa haki. Chungu hawa wekundu hawana mwiba. Huuma kwa taya, kisha huunyunyizia uchungu wao mahali palipoumwa, na mtu huona kama amemwagiwa maji yatokayo jikoni. Hukaa mitini, wala si ardhini. Kiota chao ni majani mabichi yaliyoshonwa pamoja, na namna wanavyoshona ni ya ajabu. Kwanza chungu wengi hujipanga ukingoni mwa jani, hulivuta hata likutane na jani la pili. Jani likiwa mbali, chungu mmoja humshika mwenziwe kiunoni, naye humshika wa tatu, hata wawe daraja. Ndipo huja wengine, kila mmoja amebeba mtoto wao mdogo mdomoni, yaani buu. Buu hutoa uzi wa hariri. Basi chungu humpeleka buu huku na huku, kutoka jani hili hata jani lile, kama fundi apitishavyo sindano. Kundi moja lenye malkia mmoja laweza kuwa na viota vingi katika miti mingi.

Chakula chao ni cha namna mbili. Huwinda wadudu wote wapitao katika mti wao, wakubwa kwa wadogo, huwakamata miguu, huwavuta na kuwapeleka kiotani. Tena hunywa utamu utokao kwa vidugamba, yaani wadudu wadogo wanaoganda juu ya matawi na kufyonza maji ya mti. Maji moto huwalinda vidugamba hao kama mfugaji alindavyo ng'ombe wake. Mmoja katika vidugamba hao, akaaye juu ya mikarafuu, ana jina la kitaalamu lenye jina la Zanzibar ndani yake.

Mzee akatikisa kichwa. "Nawajua sana. Zamani walikuwa katika minazi yangu yote."

"Wakaenda wapi, babu?"

Aliyejibu ni mkwezi. "Niliwachoma mimi," alisema. "Nilifunga mwenge wa makuti, nikapanda navyo viota vikateketea. Mzee aliniamuru, lakini hata asingaliniamuru ningalifanya. Ninyi mko chini. Mimi niko juu, mikono yangu yote miwili imeshika mti, na maji moto wananiingia machoni. Mtu akiachia mkono hapo, atapikiwa nani hizo nazi?"

Hakuna aliyecheka. Neno lake lilikuwa kweli, na mwalimu alimwambia hivyo.

Habari hii ya maji moto na mnazi ilichunguzwa hapa hapa Unguja. Mwingereza mmoja mtaalamu wa wadudu, M. J. Way, aliona kwamba shamba moja lina minazi iliyojaa na jirani yake minazi mitupu, na udongo ni mmoja, na mvua ni moja. Akatafuta tofauti, akaiona katika chungu. Penye maji moto, mdudu mfyonzaji hakai. Pasipo maji moto, hustawi. Aliitangaza habari hiyo mwaka wa 1951 katika gazeti la wataalamu liitwalo Nature, na mwaka wa 1953 na wa 1954 akaandika kwa urefu zaidi. Mwaka wa 1955 mdudu mfyonzaji mwenyewe alipewa jina la kitaalamu, nalo ni Pseudotheraptus wayi, kwa ajili ya Bwana Way. Si kila mtu apendaye kukumbukwa kwa mdudu mwenye kuangusha nazi, lakini kwa mtaalamu wa wadudu ni heshima.

Basi mnyororo wa mnazi ukaandikwa mchangani: jua, mnazi, mfyonzaji, maji moto. Mtoto mmoja aliutazama, akauliza swali lililompendeza mwalimu kuliko yote. "Ikiwa maji moto wako hapa katika michungwa, hatua chache tu, na moto ulikuwa zamani, mbona hawarudi minaziwani?"

Mwalimu akaomba kipande cha nazi, akakiweka chini penye shina la mnazi, akawaambia wangoje. Hata dakika kumi hazikutimia, kipande kikafunikwa na chungu wadogo wa hudhurungi waliotoka ardhini. Wengi walikuwa wadogo sana, na baadhi yao walikuwa na vichwa vikubwa visivyolingana na miili. Kisha mkwezi, kwa ustadi na kwa kisasi kidogo, akamchukua maji moto mmoja kwa jani, akamweka katikati yao. Maji moto ni mkubwa kuliko hao mara nyingi, naye alikata wawili watatu. Lakini mmoja alimshika mguu, wa pili akamshika mguu mwingine, na wa tatu, na wa nne, wakamvuta huku na huku hata asiweze kugeuka. Baada ya kitambo kidogo alikuwa nyama, akipelekwa shimoni.

Hao wenye vichwa vikubwa ni adui wa maji moto. Hujenga ardhini na hupanda mnazi pia, lakini mfyonzaji hawamsumbui. Hupita karibu naye kama mtu apitaye mgeni njiani. Waenea sana katika ardhi tupu, iliyolimwa na kufagiliwa. Na mzee huyu alikuwa mtu wa usafi. Shamba lake lilisifiwa Tunguu yote kwa kuwa mtu aliweza kuona sindano chini ya minazi.

Mwaka wa 2011, miaka 60 baada ya makala yake ya kwanza, Bwana Way pamoja na Mtanzania Z. S. K. Seguni na mwenzao P. Van Mele walitangaza habari ya majaribio waliyoyafanya katika mashamba ya Tanzania. Waliona kuwa majani yakiachwa yaote chini ya miti, yakakatwa tu badala ya kung'olewa yote, wenye vichwa vikubwa hupungua nguvu, na maji moto huweza kushindana nao. Mzee aliposikia hayo alikaa kimya. Ni vigumu kwa mtu kuambiwa kwamba jembe lake, alilolitumia kwa jasho miaka yote, lilikuwa likimfuga adui.

Hapo mwalimu aliufuta ule mstari wa mchangani, kwa kuwa haukutosha tena. Akaandika mnazi katikati, na kuuzunguka akaandika mfyonzaji, panya, kima, chonga, mtu. Kutoka kwa mfyonzaji akachora mstari hadi maji moto. Kutoka kwa maji moto mstari hadi vidugamba, na kutoka kwa vidugamba hadi mchungwa. Kutoka kwa wenye vichwa vikubwa mstari mwingine hadi maji moto. Mistari ikapishana, ikafungana. "Hii si minyororo tena," alisema mtoto wa mvuvi. "Hili ni jarife." Naam, wataalamu nao huita utando wa chakula, na mfano wa wavu ni mzuri, kwa kuwa fundo moja likikatika, samaki hupenya mahali ambapo mvuvi hakukukusudia. Mkwezi alikata fundo la maji moto kwa kuwa walimuuma. Kilichopenya ni vidaka.

"Na kima je?" aliuliza msichana mmoja, ambaye mjomba wake analima Pete, karibu na Jozani. "Mjomba asema kima ndio wanaomaliza vidaka vyake."

Kima punju ni mnyama wa Unguja, wala hapatikani kwao pengine duniani, isipokuwa wachache waliopelekwa Ngezi huko Pemba. Hesabu iliyotangazwa mwaka wa 2019 ilionyesha kuwa wako zaidi ya 5,800. Hula majani machanga na matunda mabichi, na wale wakaao karibu na mashamba hula majani ya miembe na mikungu. Tena hula makaa ya jikoni, ambayo husaidia kuondoa ubaya wa sumu iliyomo katika majani hayo. Vidaka hula pia, si uongo. Lakini mwaka wa 1999 wachunguzi wawili, Siex na Struhsaker, walitangaza matokeo ya kuhesabu kwao vidaka vilivyoliwa na nazi zilizovunwa katika mashamba ya karibu na Jozani. Waliona kwamba kima walipokula vingi, mavuno hayakupungua; bali yalikuwa mazuri zaidi. Mnazi huzaa vidaka vingi kuliko uwezavyo kulea, na vingi vingeanguka vyenyewe. Yaelekea kima hupunguza vilivyozidi, kama mkulima apunguzavyo miche iliyosongamana. Ama mfyonzaji hapunguzi. Huharibu bila ya hesabu. Viumbe wawili hula kidaka kile kile, na mnazi hauwajibu namna moja. Msichana aliandika haya yote ampelekee mjomba wake, ingawa alisema kuwa hatasadiki.

Mzee naye alikuwa na neno. "Nilipokuwa kijana tulimsikia chui usiku. Huyo alikula nani?"

Alikula paa, na chesi, na kima, na wengineo. Chui wa Unguja alikuwa mdogo kuliko wa bara, na mwaka wa 1932 wataalamu walimwandika kuwa aina ya peke yake. Watu walimwogopa, na wengi waliamini kwamba chui hufugwa na wachawi. Kwa hiyo baada ya Mapinduzi ya mwaka wa 1964 aliwindwa kwa nguvu. Katika miaka ya 1990 wataalamu walimtafuta wasipate dalili ya hakika, na wengi humhesabu kuwa ametoweka. Chui alikuwa pete ya juu kabisa katika kisiwa hiki, na pete ya juu ndiyo iliyo na viumbe wachache, kwa sababu ya zile sehemu 10 na sehemu 1. Wachache ni wepesi kumalizika. Baada yake mwindaji mkubwa aliyebaki ni mtu na mbwa wake.

Mwalimu hakutaka mzee adhani kwamba maji moto ni dawa ya kila kitu. Alionyesha kilele cha mnazi mmoja, ambao makuti yake yalikatwa kama kwa mkasi. Hiyo ilikuwa kazi ya chonga, dudu jeusi lenye pembe, litobolalo kilele usiku. Na maji moto hawalizuii. "Nalo huzaliwa wapi?" aliuliza mzee. Mwalimu akamwomba kwa adabu ainuke pale alipokuwa amekaa. Wakalichokoa lile gogo, ambalo lilikuwa shina la mnazi ulioanguka, laini kwa kuoza. Ndani yake walikuwamo mafunza manene meupe, yamejikunja, yakila.

Mzee aliruka nyuma. "Nimekuwa nikiwalalia kama kuku!"

Watoto walicheka sana, na mzee alicheka nao. Lakini gogo lile lilikuwa somo pia. Kila kiumbe kilichomo katika utando hufa, na kikifa huliwa na mafunza, na kuvu, na vijidudu visivyoonekana kwa macho, hata kigeuke udongo ambao mizizi ya mnazi huunywa tena. Pasipo hao, Tunguu ingalikuwa imezikwa chini ya makuti makavu zamani za kale. Gogo lililo mbali na minazi lioze kwa amani; la karibu, ni heri kulipasua na kulichoma.

Jua likawa kali. Mzee, mkwezi na mwalimu wakakaa chini ya mwembe kufanya shauri, na watoto wakasikiliza. Mzee alikubali kuacha nusu ya shamba bila ya jembe, majani yakatwe kwa panga tu. Nusu ya pili itabaki kama ilivyo, apate kulinganisha. Kutoka katika michungwa watafunga kamba hadi minazi ya karibu, ili maji moto wapite juu bila ya kukanyaga ardhi ya adui zao. Wachina, ambao tangu zamani sana waliweka chungu wa jamaa hii katika miti yao ya machungwa, waliwafanyia madaraja ya mianzi kwa namna hiyo hiyo.

"Na mimi?" aliuliza mkwezi.

Hilo ndilo lililochukua muda mrefu. Mkwezi alisema kuwa akijipaka majivu mikononi na shingoni maji moto hupungua kumpanda, lakini hawaachi. Alitaka ujira zaidi kwa kila mnazi wenye maji moto. Mzee alisema mnazi usio na nazi hauna cha kulipa. Mwisho walipatana hivi: minazi ya kamba haitapandwa ovyo, ila siku ya kuangua tu; na mkwezi atalipwa kwa idadi ya nazi, wala si kwa idadi ya miti. Mkwezi akapiga hesabu kwa vidole, akatazama juu, akasema, "Basi na wale wekundu wafanye kazi."

Watoto walifunga kamba ya kwanza siku ile ile, wawili wakaumwa. Mnazi mmoja wa nusu hii na mmoja wa nusu ile walitiwa alama ya chokaa. Kila Ijumaa watakuja wanafunzi wawili kuhesabu vidaka vilivyoanguka chini ya kila mmoja na kuandika katika daftari moja. Kidaka kilichoshika leo huchukua kadiri ya mwaka mzima hata kiwe nazi, kwa hiyo daftari hilo litamalizwa na darasa litakalofuata.

Maswali

1. Andika mnyororo wa chakula wenye pete nne kutoka katika shamba au pwani iliyo karibu nawe. Pete ya kwanza ni nini, na kwa sababu gani?

2. Kwa nini kidaka kinacholiwa na kima na kidaka kinachochomwa na mfyonzaji si hasara sawasawa kwa mwenye shamba?

3. Mzee aliacha nusu moja ya shamba kama ilivyokuwa. Kama angaliacha shamba lote bila ya jembe, asingaliweza kujua jambo gani?

4. Mkwezi alipatana kulipwa kwa idadi ya nazi. Eleza jinsi jambo hilo linavyobadili mahali pake katika utando uliochorwa mchangani.